Pembe, Maelezo na Jina: Uhakiki wa Picha za Watu Wenye Ulemavu Unaoonekana katika Mbeya na Iringa

Utangulizi

Sura iliyotangulia ilishughulikia usawiri wa watu wenye ulemavu katika matini andishi. Sehemu hii inahamia kwenye matini ya aina nyingine, yaani picha mnato pamoja na maneno machache yanayowekwa chini yake. Kuihesabu picha kuwa matini si jambo geni katika uhakiki. Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya taswira, alionesha kwamba picha hubeba maana nyingi zinazoelea, na kwamba maneno yanayoambatana nayo hufanya kazi ya nanga: huizuia picha isielee kokote na kuifunga kwenye maana moja. Mhakiki wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulipa jambo hili uzito, kwa kuwa nanga zinazochunguzwa hapa zimeundwa kwa sarufi ya Kiswahili, na sarufi hiyo ndiyo eneo lake la kazi.

Katika mijadala kuhusu namna ya kuwapiga picha kwa staha watu wenye ulemavu unaoonekana, tatizo hutajwa mara nyingi kuwa ni huruma iliyozidi, na dawa yake ikatajwa kuwa ni tabasamu. Mtafiti anatofautiana na mtazamo huo. Picha ya mtu anayetabasamu inaweza kumnyima utu sawasawa na picha ya mtu anayelia. Linalofaa kuulizwa ni nani aliyeamua pembe ya kamera, nani aliyeandika maelezo ya picha, na picha yenyewe inakwenda kuonwa na nani. Aidha, majibu ya maswali haya hayaelekei upande mmoja kila mara. Itadhihirika hapa chini kwamba kutaja jina la aliyepigwa picha ni heshima kwa mmoja na ni hatari kwa mwingine, katika ukanda uleule wa Nyanda za Juu Kusini.

Kosa la mtafiti

Inafaa uhakiki uanze na picha ya mhakiki mwenyewe. Katika awamu ya kwanza ya ukusanyaji wa data jijini Mbeya, mtafiti alimpiga picha fundi viatu mmoja pembeni mwa soko la Mwanjelwa. Ni mtu wa makamo, anatembea kwa magongo kutokana na polio ya utotoni, na hufanyia kazi kwenye kigoda kifupi chini ya mwavuli. Ridhaa iliombwa, ikatolewa, fomu ikasainiwa. Mtafiti alisimama karibu, akaishusha simujanja hadi usawa wa kiuno, akapiga. Alipomwonesha fundi picha ile, fundi aliitazama kwa muda, kisha akasema: “Mwalimu, hapa umepiga mguu. Mimi sipo.”

Alichosema kilikuwa kweli kwa maana ya kawaida kabisa. Lenzi kuu ya simu ni pana, nayo hukuza kilicho karibu na kudunisha kilicho mbali. Mguu uliokuwa umenyooshwa mbele ya kigoda ulikaa katikati ya fremu, mkubwa kuliko ulivyo. Uso, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameinamia kazi, ulibaki kuwa kofia tu. Hakuna dhamira mbaya iliyohitajika ili picha ile itokee. Umbali na kimo vilitosha.

Fundi hakuomba picha ifutwe. Alielekeza benchi la wateja akasema, “Kaa hapo wanapokaa watu, ndipo tupige.” Kutoka kwenye benchi lile kamera ilifika usawa wa macho yake. Mguu bado ulionekana, na magongo yalionekana yakiwa yameegemezwa kwenye mti wa mwavuli, lakini sasa yalikuwa miongoni mwa vitu vingine: viatu vilivyoning'inizwa kwa kamba, kopo la gundi, shazia, mteja aliyevua kiatu kimoja. Ulemavu haukufichwa. Ulirudishwa mahali pake katika siku ya mtu mwenye kazi.

Tukio hili lilimfanya mtafiti airudie fomu yake ya ridhaa na kuona upungufu ambao hakuwa ameuona. Fomu iliuliza kama mhusika anakubali kupigwa picha. Haikuuliza apigwe kutoka wapi, akiwa anafanya nini, wala nani atachagua picha moja kati ya nyingi. Ridhaa ya jumla ilikuwa imechukuliwa kuwa ridhaa ya kila pembe.

Sarufi ya kupiga na kupigwa

Tofauti kati ya kauli mbili za fundi inastahili kuangaliwa kwa makini. Katika “umepiga mguu”, mtendaji ni mtafiti peke yake, na kilichopigwa ni kiungo. Katika “tupige”, kiambishi cha nafsi kinawaweka wote wawili katika utendaji. Kiswahili kinaruhusu mahusiano mbalimbali katika tendo hili moja: mtu anaweza kumpiga mwenzake picha, na hapo mwenzake ni yambwa; anaweza kupigwa picha, na mtendaji akatoweka kabisa; anaweza kupiga picha na mwenzake, na hapo wakawa washirika. Maelezo ya picha za watu wenye ulemavu hupendelea kauli ya kutendwa: mtu anaonekana “akisaidiwa”, “akikabidhiwa”, “akisukumwa”. Vitenzi ambavyo yeye mwenyewe ni mtendaji wake huwa vichache, na vikijitokeza hutanguliwa na “licha ya ulemavu wake”. Kirai hicho kidogo hufanya kazi kubwa. Humtaka msomaji akubali kwanza kwamba jambo linalofuata halikutarajiwa.

Hapa inabidi kuweka sawa hoja moja inayorudiwa mara kwa mara, kwamba Kiswahili huwadhalilisha watu wenye ulemavu kwa kuwaweka katika ngeli ya vitu: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema. Hoja hiyo ina nguvu ya kihisia kuliko ya kiisimu. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wamo katika umbo hilohilo, na wote huchukua upatanisho wa viumbe hai. Udhalilishaji uko katika matumizi ya jamii, si katika kiambishi pekee. Ndiyo maana Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinalibeba neno “viziwi” katika jina lake bila kuona haya, ilhali wengine wameliacha neno “mlemavu” na kuchukua “mtu mwenye ulemavu”, kama inavyoonekana katika jina la shirikisho la vyama hivyo, SHIVYAWATA. Mwandishi wa maelezo ya picha hana kanuni moja ya kunakili. Analo jukumu jepesi zaidi ambalo husahaulika: kumuuliza anayehusika anaitwaje.

Waliotazamwa kabla

Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya miili kutazamwa na wageni. Ushahidi mkali zaidi hauhusu ulemavu. Uko Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, huoneshwa ndani ya kioo. Fuvu hilo lilidaiwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na lilirejeshwa na Gavana Edward Twining tarehe 19 Juni 1954. Mtafiti anakiri kwamba alipofika Kalenga mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta simu kabla hajafikiri lolote. Kwa Wahehe lile ni kaburi la aina yake. Kwa mgeni ni kitu cha kupiga picha.

Kumbukumbu za misheni nazo zina mchango wake. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kamera ilikuja kuwa sehemu ya kazi ya misheni kama ilivyokuwa daftari la ubatizo. Picha ya mgonjwa wa ukoma ni aina inayojirudia katika kumbukumbu za misheni kwa jumla, ikikusudiwa wachangiaji wa Ulaya. Humo mgonjwa kwa kawaida hana jina, ilhali muuguzi au mchungaji analo. Mpangilio huu haukuondoka pamoja na wakoloni.

Baada ya uhuru, swali la mwili liliunganishwa na swali la kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja watu wenye ulemavu, pamoja na watoto wadogo na wazee, katika orodha ya wachache wanaoweza kuishi kwa jasho la wengine bila kuitwa wanyonyaji. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake katika lugha yalikuwa kwamba mtu mwenye ulemavu aliingia katika fikra za taifa kama msamaha, yaani mtu aliyeruhusiwa kutofanya kazi. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, na zote mbili ziliendelea kumwona mtu huyu kwa kipimo cha kazi na tunzo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyofuata baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, ndiyo iliyohamishia mjadala kwenye haki. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuhimiza vyombo vya habari viwaoneshe watu wenye ulemavu kwa namna inayolingana na madhumuni ya mkataba. Picha, kwa hiyo, imo ndani ya sheria, ingawa hakuna sheria inayoweza kumwambia mpiga picha akae kwenye benchi gani.

Karakana ya Iringa

Neema Crafts, iliyoanzishwa Iringa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ni mahali pazuri pa kujaribia hoja hizi. Ni karakana ya kazi za mikono yenye mgahawa, na mafundi na wahudumu wake ni watu wenye ulemavu. Miongoni mwa bidhaa zinazofahamika ni karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Watalii wanaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita hapo, na wengi wao wana kamera.

Picha za karakana kama hii hujengwa juu ya mikono: mkono kwenye kitanda cha mfumi, mkono unaotunga shanga, mkono unaoinua karatasi mbichi. Ukilinganisha na picha ya misheni, mabadiliko ni makubwa. Kiungo hakioneshwi tena kwa kile kinachokikosa bali kwa kile kinachokitenda. Mtafiti anaona hilo kuwa ushindi. Hata hivyo, ushindi huo umefungwa katika fremu ileile ya Azimio: mtu aliyekuwa amesamehewa kazi anathibitisha kwamba hakuhitaji msamaha. Vipi basi kuhusu yule asiyeweza kufuma? Picha ya kazi ikiwa ndiyo picha pekee ya heshima, mtu ambaye ulemavu wake haumruhusu kuzalisha kitu cha kuuzwa anabaki tena katika picha ya huruma, kwa kuwa hakuna nyingine iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ni nadra kuona picha ya mtu mwenye ulemavu akiwa amechoka tu, au akibishana, au akisubiri daladala kama watu wengine.

Mgahawa unaibua jambo la pili. Wahudumu viziwi hawana ulemavu unaoonekana katika picha mnato. Mpiga picha anayetaka uonekane hulazimika kusubiri ishara ya mikono, au kumwomba mhudumu aifanye mbele ya kamera. Ishara iliyoombwa kwa ajili ya picha mara nyingi haimwambii mtu yeyote chochote. Ni sawa na kumwomba mzungumzaji afumbue mdomo bila kusema. Hapa kamera haitafuti mtu bali ithibati.

Picha ya makabidhiano

Rosemarie Garland-Thomson, katika makala yake ya mwaka 2002, alizigawa picha za watu wenye ulemavu katika balagha nne: ya ajabu, ya huruma, ya ugeni na ya uhalisia. Mgawanyo huo unafaa, lakini ulitokana na picha za Marekani, na kuna aina moja ya hapa kwetu ambayo hauifikii. Ni picha ya makabidhiano ya viti mwendo. Msomaji yeyote wa magazeti nchini anaijua: kiongozi au mfadhili amesimama, ameshika mpini wa kiti, anatazama kamera, bango lipo nyuma, mpokeaji amekaa, anatazama upande. Katika picha hii mtu mwenye ulemavu si mhusika mkuu hata wa huruma. Ni mahali ambapo wema wa mwingine unatua. Maelezo humtaja mtoaji kwa jina na cheo, na mpokeaji kwa hali yake: “mmoja wa walemavu”. Tunapendekeza aina hii ihesabiwe kuwa balagha ya tano, ya ukarimu, kwa sababu muundo wake ni tofauti: kiini cha picha kiko kwa aliyesimama. Namna rahisi ya kuipima ni kumfunika mtoaji kwa kidole na kuangalia kama picha bado ina habari.

Mwanga, kofia na jina

Suala la ualbino linahitaji nafasi pana zaidi, kwa sababu hapo pembe, maelezo na jina hukutana na hatari ya maisha.

Tuanze na mwanga. Watu wengi wenye ualbino huumizwa macho na mwanga mkali, na macho yao huchezacheza bila hiari. Ukimpiga mtu wa namna hiyo picha saa sita mchana katika jua la nyanda za juu, atakunja uso na kufinya macho. Mtazamaji asiyejua husoma mateso pale ambapo pana jua tu. Mpiga picha akimwomba avue kofia “ili uso uonekane”, anamwondolea kinga dhidi ya saratani ya ngozi, ugonjwa unaowakatili wengi wao mapema, kwa ajili ya picha ambayo hata hivyo itamwonesha akiwa amekunja uso. Kivuli cha mti na saa za asubuhi hutoa picha bora na salama zaidi. Kamera iliyopimwa kwa ngozi nyeusi ya jirani yake nayo humgeuza kuwa doa jeupe lisilo na sura. Haya ni mambo ya ufundi, na ni mambo ya utu pia.

Kuhusu maelezo, ipo filamu inayotoa mfano mzuri ijapokuwa si picha mnato. In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland (2012), iliyopigwa Tanzania kwa miaka kadhaa, inamfuata mwanaharakati Josephat Torner, mwenye ualbino, akienda kuzungumza na jamii wakati wa mashambulizi. Kinachoitofautisha na taarifa nyingi za wakati ule ni kwamba Torner ndiye anayetazama na kuuliza. Kamera husimama upande wake, ikiwatazama wale wanaomtazama. Mtafiti hajaona picha nyingi za magazeti zilizofanya hivyo.

Sasa jina. Kwa fundi wa Mwanjelwa, kukosekana kwa jina chini ya picha kungekuwa kumrudisha kwenye picha ya misheni. Yeye mwenyewe alisema wateja wanamjua kwa jina na ndivyo anavyopata kazi. Lakini taarifa za mauaji na ukataji viungo wa watu wenye ualbino, zilizoenea duniani kuanzia miaka ya 2007 na 2008 hasa kutoka Kanda ya Ziwa, zilibadilisha maana ya jina lililoandikwa pamoja na kijiji. Picha ya mtoto mwenye ualbino, yenye jina lake, shule yake na kitongoji chake, ni ramani. Haijalishi imepigwa kwa upendo kiasi gani wala ametabasamu namna gani. Baadhi ya wahariri wamejibu kwa kutia ukungu usoni. Jibu hilo halimlindi vya kutosha, kwa kuwa kijijini ngozi yenyewe inatosha kumtambulisha, na wakati huohuo linamwacha bila uso, akiwa mwili tu. Linalomlinda ni kuondoa mahali na kuacha uso pale ambapo yeye na wazazi wake wametaka uso ubaki, au kutoichapisha picha kabisa.

Kwa sababu hiyo mtafiti anayapinga mapendekezo ya kuwa na mwongozo mmoja kwa ulemavu wote unaoonekana. Mwongozo unaosema “taja jina daima” utamheshimu fundi na kumhatarisha mtoto. Unaosema “ficha jina daima” utamlinda mtoto na kumfuta fundi.

Picha za tasnifu hii

Watahini waliosoma rasimu ya awali waliuliza, kwa haki, kwa nini tasnifu inayohusu picha haina picha. Jibu la kwanza linahusu mahali tasnifu hii inakokwenda. Itawekwa katika hazina ya chuo iliyo wazi kwa kila mwenye intaneti. Ridhaa zilizokusanywa katika awamu ya kwanza zilitaja “matumizi ya kitaaluma”, na wengi waliozisaini walielewa kwamba maana yake ni kitabu kinachokaa maktabani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Na picha inayoonesha mguu ulioathiriwa na polio ni taarifa ya afya, hata kama aliyeipiga alikusudia kuonesha viatu.

Mtafiti alirudi Mwanjelwa kumweleza fundi tofauti hiyo. Alimwonesha kwenye simu jinsi tasnifu ya mtu mwingine inavyofunguliwa na yeyote, popote, bila kuulizwa kitu. Fundi aliuliza kama mtu akiichukua picha na kuandika chini yake maneno mengine, mtafiti ataweza kumzuia. Aliambiwa ukweli, kwamba hataweza. Akasema picha ya benchini isafishwe apewe, aitundike kwake, na maneno ndiyo yaende chuoni. Kisha aliyataja maneno hayo polepole ili yaandikwe, akasahihisha mara mbili. Jina halikuwekwa hapa kwa makubaliano yake, kwa kuwa lilikuwa lake pamoja na picha. Kiambatisho cha Tatu, kwa hiyo, kina maelezo ya picha moja kama yalivyotamkwa na mwenyewe, na juu yake pameachwa nafasi tupu yenye ukubwa wa picha hiyo.